Rangi za Chumba Kimoja

Mazungumzo ya leo ni mintarafu ya rangi za ukutani, wala sikusudii kuyaeleza majumba makubwa ambamo kila kazi imetengewa chumba chake. Nakusudia kile chumba kimoja ambacho maelfu ya jamaa zetu, tangu Kariakoo na Magomeni za Dar es Salaam hata Majengo ya Mombasa, wamekipanga katika nyumba ya Kiswahili, ile nyumba yenye vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, ukumbi ukikata katikati kutoka barazani mpaka uani. Chumba hicho usiku ni malazi, alfajiri ni mahali pa kusalia na kuvalia, mchana ni karakana ya mwenye ufundi wake au mapokezi ya mgeni aliyebisha hodi, na baada ya magharibi ni darasa la watoto wanaoandika kazi zao za shule juu ya stuli. Kitanda, kabati, kochi, cherehani, meza ya runinga, ndoo ya maji na jiko la gesi, vyote vimo, na vyote vinatazamana na kuta zile zile nne.

Mwenye chumba cha namna hiyo akijaaliwa fedha kidogo ya kukitengeneza, aghalabu jambo la kwanza analolifikiria ni rangi, naye hakukosea, kwa kuwa sijui tengenezo jingine linalobadili makazi ya mtu kwa gharama ndogo kiasi hicho. Njia aifuatayo katika kuichagua ndiyo inayonisikitisha. Huingia dukani, na dukani mnawaka taa kali mchana kutwa. Akafunuliwa kitabu chenye vipande vya rangi visivyojaza hata kiganja. Akaweka kidole juu ya kipande kilichompendeza, mwenye duka akachanganya, fundi akapaka, na siku ya pili yule mtu ameketi kitandani mwake akijiuliza kwa nini chumba kimekuwa kizito, na kwa nini watoto wanasogeza madaftari yao mlangoni saa 11 jioni ilhali jua bado halijatua.

Rai yangu ni hii, na yote nitakayoyasema yanaitegemea. Katika chumba chenye kazi nyingi haiwezekani kupata rangi itakayoziridhisha kazi zote, maana kazi zenyewe hazipatani. Kwa hiyo sharti kwanza itafutwe ile inayolidai jicho kuliko nyingine, ikiwa ni kushona, ikiwa ni kusoma, ikiwa ni kuandika hesabu za biashara au kusuka nywele za watu, kazi hiyo ipewe rangi inayoifaa, na zilizobaki zifuate nyuma yake. Usingizi haudai rangi yoyote, kwani aliyelala amefumba macho; mgeni hukaa saa moja akashukuru akaenda zake; bali mtoto anayesoma herufi ndogo kila usiku katika miaka yote ya shule, au mama anayepitisha uzi mweusi katika kitambaa cheusi, huyo ndiye anayelilipa deni la rangi iliyokosewa, na hulilipa kwa macho yake.

Wazee wetu wa pwani waliyaelewa mambo haya bila ya kitabu cha rangi. Mtu akiingia katika nyumba ya kale ya mawe huko Lamu, ataona kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wembamba ule umetokana na urefu wa boriti za mikoko zinazoibeba dari, ambazo kwa desturi haziruhusu upana wa chumba kuzidi takriban mita 3. Vyumba hivyo hufuatana kimoja nyuma ya kingine, misana, yaani kumbi ndefu, mbele, na kile kiitwacho ndani nyuma kabisa, na nuru karibu yote huingia kwa njia moja tu, nayo ni kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Hata ikawa kila mtu anapopiga hatua kuelekea ndani, nuru humwacha nyuma. Dawa yao ilikuwa chokaa nyeupe, iliyopakwa kutani na katika zile zidaka, yaani vishubaka, zilizopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa mwisho, ili mwanga ulioingia kiwandani upokezanwe kutoka kiambaza mpaka kiambaza, ukifika ndani hali umepungua lakini haujafa. Zidaka zile watu huzisifu kwa uzuri wake, nami nazisifu pia. Ila mtu akisimama ndani wakati wa alasiri na kuzitazama kwa makini, ataona kwamba kingo zake nyeupe zimeudaka mwanga ambao ukuta mtupu usingeudaka, na kwamba uzuri ule ulikuwa na kazi ya kufanya.

Na chokaa yenyewe ina tabia ambayo fundi wa siku hizi, aliyezoea ndoo za dukani, inafaa aijue. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa mpaka yakaiva, kisha yakazimwa kwa maji yakawa chokaa laini, nayo ikaachwa ikakaa kabla ya kutumiwa. Ikipakwa mbichi humvunja moyo mtu asiyeijua, kwa maana huonekana kwa shida, ukuta wa chini ukipenya kila mahali. Lakini kadiri inavyokauka huvuta hewa ya ukaa na kurejea kuwa namna ya jiwe, na weupe wake hupanda saa hata saa, mpaka kesho yake ukuta ukawa mweupe kuliko ulivyotazamiwa. Wengine walitia nili kidogo, ile ile ya kufulia kanzu, ili kuuzima umanjano wa chokaa, na weupe huo wenye asili ya samawati ulipendeza zaidi katika vyumba vilivyoelekea jua la mchana.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa rangi, hata kabla ya kuwa uzuri, ni kipimo cha mwanga unaorudishwa. Ukuta uliopakwa nyeupe safi hurudisha chumbani zaidi ya asilimia 80 ya nuru inayoupiga. Rangi ya samli iliyo hafifu hurudisha kiasi cha asilimia 70. Bali damu ya mzee, au buluu iliyokolea, huenda isirudishe hata asilimia 10, na zilizobaki zote huzimeza. Katika jumba lenye madirisha makubwa mwenyewe anaweza kuumudu ufujaji huo. Katika chumba chenye dirisha moja, tena dirisha lenyewe limetazamana na ukuta wa jirani kwa mwendo wa kichochoro, kila ukuta unaokula nuru umeinyang'anya kazi fulani ya watu wa humo. Watu husema kwamba rangi nyeupe hukikuza chumba kidogo. Chumba hakikui, mita 3 ni mita 3. Linalotukia ni kwamba pembe zake huonekana, na kitu kilichowekwa pembeni hupatikana bila ya kuwashwa taa, na nafsi ya mtu hutulia anapoona mwisho wa mahali alipo.

Kwa sababu hiyo naanzia darini, na namsihi kila mwenye chumba aanzie hapo. Dari ndiyo sehemu ya pekee ambayo haifunikwi na kabati, wala pazia, wala picha ya harusi; yote ni uso mtupu, nayo huupokea mwanga unaoruka kutoka sakafuni na kuurudisha chini juu ya meza na mikono ya watu. Iwe nyeupe, isiyong'aa, na tena nyeupe ya kweli. Niliwahi kuona vyumba ambavyo dari ilipakwa rangi ya ukutani ili kumalizia ndoo iliyobaki, na tofauti yake na vyumba vya jirani mtu aliihisi tangu mlangoni, hata kama hakuweza kuitaja sababu.

Baada ya dari huja ukuta ambao takriban kila mtu huusahau, nao ni ukuta wenye dirisha. Ukuta huu hauangazwi na dirisha lake lenyewe, kwa kuwa nuru hupita ndani yake na kuzipiga kuta nyingine. Kwa hiyo mchana huwa ndio ukuta wenye kiza kuliko yote, ilhali katikati yake pana shimo la mwanga mkali. Jicho linapotazama huko hushikwa baina ya vitu viwili vinavyopingana, na mwenye kukaa ameelekea dirisha hukunja uso bila ya kujua. Ukuta huo upewe rangi iliyo nyepesi kuliko za wenzake, na ubavu wa ndani wa dirisha, ule unene wa ukuta, upakwe nyeupe kabisa, ili mwanga ushuke daraja kwa daraja. Fundi anayelijua jambo hili ni mmoja katika wengi, na analipwa sawa na asiyelijua, kwa hiyo ni juu ya mwenye chumba kulisema.

Kisha kuna suala la kule chumba kinakoelekea, na hapa nataka kuwaonya wale wanaosoma maelezo yaliyoandikwa Ulaya. Huko jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, na ndiyo sababu waandishi wao husema kwamba chumba cha kaskazini kina baridi na kipewe rangi za joto. Sisi hatuko huko. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta kwa nyuzi zisizotimia 7, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya siku hizo mbili, katika masika na katika miezi yote ya kusi, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, na katika miezi ya kaskazi huhamia kusini. Kaskazini na kusini, basi, kwetu hazina tofauti kubwa. Zilizo na tofauti ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupata jua la asubuhi, jepesi na lenye umanjano, kisha kuanzia adhuhuri hubaki na mwanga uliopoa wa mbingu. Chumba hicho huichukua vizuri rangi ya samli, au nyeupe yenye asili ya manjano, maana alasiri nzima hukosa joto la jua. Chumba cha magharibi hali yake ni kinyume: kutwa hakina adha, bali kuanzia saa 9 jua huingia chini chini, refu, kali, likaupiga ukuta wa mbele yake mpaka ukawaka, humo rangi ya manjano na ya machungwa ni mateso, na inayofaa ni nyeupe yenye ukijivu au yenye usamawati mdogo sana, isiyong'aa hata kidogo.

Nitawaeleza chumba kimoja ambacho nakijua kwa karibu. Kiko Ilala, na mwenyewe ni mama fundi cherehani, mwenye watoto wa shule, ambaye kitanda chake kimefichwa nyuma ya pazia na cherehani yake imekaa chini ya dirisha. Kuta zake alikuwa amezipaka kijani kibichi kilichokolea, rangi iliyompendeza tangu utotoni, na chumba hakika kilivutia kwa mtu aliyepita. Lakini kila alipochagua uzi wa kushonea gauni la rangi ya maziwa au la waridi hafifu, uzi na kitambaa vilionekana ndugu mle chumbani, na vilipotolewa uani vikakanana. Mshono ukaonekana kwenye kwapa na kwenye pindo, na mteja akalalamika. Alidhani macho yake yameanza kuchoka. Hayakuchoka. Mwanga uliokuwa ukifika juu ya meza yake ulikuwa umekwisha kugusa kuta za kijani na kuchukua sehemu ya ukijani wake, nao ulizipunguza tofauti za rangi hafifu ambazo riziki yake inazitegemea. Na juu ya hayo, jicho lililozungukwa na kijani kutwa huelekea kuona wekundu mahali ambapo haupo.

Jambo hili lina historia yenye heshima. Katika mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, huko Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba uzi mweusi uliotumika katika vivuli vya mavazi ya buluu na ya urujuani haukuwa mweusi wa kutosha. Akachukua sufu nyeusi za viwanda vingine mashuhuri akazilinganisha na za kwake, asione upungufu wowote. Ndipo alipotambua kuwa dawa ya rangi haikuwa na kosa, na kwamba weusi ule ulififishwa na rangi zilizokuwa jirani yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kilithibitisha kwamba rangi haionekani peke yake kamwe, kila moja huitia taathira iliyo kando yake. Na alichokiona yeye baina ya nyuzi mbili ndicho kilichokuwa kikimtaabisha fundi wetu wa Ilala baina ya nguo na ukuta.

Namna mama huyo wa Ilala alivyochagua rangi mpya inastahili kuigwa. Hakupaka ukutani mara moja. Alimwomba fundi rangi ampakie mbao nyembamba, upana wake kiasi cha mikono miwili, kila ubao rangi yake, mipako miwili mpaka ukakauka barabara, kwa kuwa rangi ya maji ikiwa mbichi si rangi itakayobaki. Mbao hizo akaziegemeza kwenye ukuta wa dirisha, kisha ukuta wa mbele yake, kisha pembeni penye kiza karibu na kabati. Akazitazama saa 2 asubuhi, na saa 6, na saa 10 alasiri, na usiku taa ikiwaka, na kila mara aliweka mbele ya ubao kitambaa cheupe na kipande cha nguo ya waridi. Ubao uliokiacha kile cheupe kikawa cheupe kwa nyakati zote ndio aliouchagua, nao ulikuwa wa nyeupe iliyotiwa ukijivu kidogo, rangi ambayo dukani hakuna mtu angeigeukia. Hata hivyo alichukua iliyo hafifu zaidi ya ile ya ubao kwa daraja moja, na alifanya vyema, maana rangi huzidi kukolea ikienea kuta nne. Kila ukuta humpaka mwenzake kwa mwanga ambao nao umekwisha kupakwa.

Na kijani chake? Hakukitupa. Mapazia yake ni ya kijani, na foronya, na kitambaa cha meza ya runinga, vitu ambavyo hufuliwa na kubadilishwa, na vinavyoweza kukunjwa siku ya kazi ya bibi harusi. Hapo ndipo mapenzi ya mtu yana uwanja wake. Kanga moja iliyotundikwa vizuri huleta furaha ambayo ndoo nzima ya rangi kali haileti, nayo haimfungi mtu kwa miaka mitano. Siku hizi kumeenea mtindo wa kupaka ukuta mmoja rangi kali na mitatu nyepesi, na mimi siupingi, mradi ukuta huo uwe ule wa kichwani pa kitanda, ambao mwenye kufanya kazi ameupa mgongo, usiwe ukuta unaotazamana na dirisha, maana huo ndio unaopokea nuru kwa niaba ya chumba kizima.

Nimetaja taa, na lazima niiseme kwa urefu kidogo, kwa sababu chumba cha kazi nyingi huishi usiku kuliko mchana. Balbu inunuliwe kabla ya rangi. Juu ya boksi lake pana namba: ile iliyoandikwa 6500 hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu, na ile ya 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano ulio mpole; na ukuta mmoja wa samli, chini ya balbu hizi mbili, ni kuta mbili tofauti, huku umepauka ukaelekea kijivu, huku umekolea ukaelekea ute wa yai. Mwenye kuchagua rangi kwa balbu moja na kuishi na nyingine hakuchagua kitu. Tena jicho lenyewe hubadilika nuru inapopungua: tangu mwanzo wa karne ya 19 mwanachuoni wa Bohemia, Jan Purkyně, alieleza kwamba wakati wa magharibi wekundu hutangulia kuwa mweusi, ilhali buluu huendelea kuonekana. Kwa hiyo ukuta mwekundu ulioshangiliwa saa 4 asubuhi, umeme ukikatika saa 1 usiku na taa ndogo ya sola ikawekwa juu ya kabati, hugeuka kuwa kiza kitupu, na taa ile hupigana nao bure.

Sehemu ya chini ya ukuta ina hukumu yake. Migongo ya viti, vichwa vya watoto waliokaa mkekani, ndoo, mvuke wa sufuria na mikono yenye mafuta, vyote hugusa ukuta chini ya kiuno cha mtu, wala hakuna rangi ya maji isiyong'aa itakayostahimili kusuguliwa kila Ijumaa. Mafundi wetu tangu zamani hupaka hapo rangi ya mafuta mpaka kimo cha mita 1 au kupita kidogo, kama ionekanavyo katika madarasa na zahanati, na desturi hiyo ni njema. Isichaguliwe rangi ya kiza kwa hoja kwamba huficha uchafu, kwani uchafu uliofichwa haupanguswi. Ichaguliwe rangi ya ukoo mmoja na ile ya juu, iliyokolea daraja mbili tatu, ugoro mwepesi chini ya samli, jivu chini ya nyeupe yenye ukijivu. Na mpaka baina ya rangi hizo usipande sana. Ukifika kifuani mwa mtu, chumba kilicho kifupi huonekana kimezama.

Lakini kabla ya rangi ya mafuta, ukuta uguswe kwa kiganja. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu unyevu hupanda kutoka chini, hasa wakati wa masika, nao huacha chumvi nyeupe inayomomonyoka ukiipitishia kidole. Ukuta huo ukifunikwa kwa rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, rangi huvimba malengelenge, na baada ya msimu mmoja hubanduka pamoja na lipu yake. Maradhi hayo hayo yameonekana katika Mji Mkongwe wa Unguja, pale kuta za mawe na chokaa zilipofungwa kwa saruji na rangi zisizopitisha hewa. Penye unyevu ipakwe chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue, na kama itachakaa baada ya mwaka, kuirudia ni kazi ya asubuhi moja.

Kuna hatari nyingine ambayo nasikitika kwamba haisemwi vya kutosha. Risasi ilitumiwa katika rangi kwa karne nyingi. Mkutano wa kimataifa wa kazi uliokutana Geneva mwaka 1921 ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe ndani ya majengo, lakini madini hayo yaliendelea kuingia katika rangi za mafuta za manjano kali na nyekundu ya machungwa kwa miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiasi chochote cha risasi mwilini kilicho salama, na mtoto mdogo, anayetambaa sakafuni na kutia vidole kinywani, ndiye inayemdhuru zaidi. Katika chumba ambamo sakafu ya kuchezea ndiyo ya kulia na ndiyo ya kulalia, mlango wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta usipigwe msasa mkavu. Ulowanishwe kwanza, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na watoto wawe kwa jirani. Na anayenunua rangi ya mafuta mpya aulize kama haina risasi, na alione hakikisho hilo juu ya kopo lenyewe.

Vipimo havina ugumu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, ukiondoa mlango na dirisha, kina kuta zipatazo mita za mraba 29. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mpako mmoja, kwa hiyo mipako miwili hula lita 6, na dari lita 2. Galoni mbili za lita 4 zinatosha ukuta na kubakiza. Kazi ianze asubuhi, siku ya jua, vyombo vikiwa ukumbini kwa idhini ya wapangaji wenzako, dari kwanza, kisha kuta, na sehemu ya mafuta iachwe mpaka siku ambayo familia ina mahali pengine pa kulala, kwa kuwa harufu yake si ya kulaliwa.

Kile kitakachobaki katika galoni ya pili kihamishiwe katika kopo dogo linalofunga vizuri, na juu ya kifuniko iandikwe namba ya mchanganyiko aliyoitoa mwenye duka, pamoja na jina la ukuta uliopakwa. Chumba chenye kazi nyingi huchakaa mapema penye swichi, kando ya kitanda na nyuma ya cherehani, na kiraka cha rangi ile ile hupakwa kwa dakika chache kabla mgeni hajafika, bali rangi iliyokisiwa kwa kumbukumbu huonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.